Nani Aliweka Viduara

Boudha, Kathmandu
Tarehe 18, mwezi wa saba, Mwaka wa Nguruwe wa Moto

Kwa baba yangu mdogo Urgyen Rabsal, huko Chagtsa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta jikoni karibu na moto, si juu ya paa ukigombana na mvua. Mimi ni mzima. Kikohozi cha mwezi wa tano kimekwisha, ila vumbi la huku halina adabu, linaingia mpaka ndani ya birika. Mwambie mama mdogo kwamba siagi aliyompa Nyima muuza chumvi aniletee imefika, na imefika nzima, jambo ambalo kwa Nyima ni muujiza.

Sasa kazi. Zile picha mlizowaruhusu vijana wa ofisi yetu wazipige kiangazi hiki zimeshafika mezani. Kati ya vitabu vyote vya bonde letu, mkuu wetu Bwana Jampa amenipa mimi kile cha babu cha kuzuia mvua ya mawe. Alisema, "Hiki cha kwenu, utakionea huruma zaidi." Nakiandika upya ndani ya kompyuta, silabi kwa silabi, ili mtu yeyote popote alipo akisome na aweze kutafuta neno ndani yake. Humo kila alama ina namba yake. Nukta inayotenga silabi ina namba yake. Kistari cha kusimama kinachofunga sentensi kina yake. Na ile alama ya hazina, kistari chenye kiduara juu na kiduara chini, inayomwambia msomaji kwamba maneno haya yalifichwa zamani na Guru, mwalimu wetu mtakatifu, yakafunuliwa kutoka mwambani, wala hayakutungwa na mtu, nayo ina namba yake peke yake.

Nilifika jani la tatu nikasimama. Kwenye picha hizi herufi moja naweza kuikuza ikawa kama kiganja. Maandishi ni ya wino wa masizi, meusi. Vistari navyo ni vya masizi. Lakini viduara ni vya kahawia, na mahali pengine vimekosa nafasi vikaipanda herufi ya jirani. Ni hivyo hivyo majani yote sitini na moja.

Je, kuna mtu aliyewahi kukitengeneza kitabu? Nitajie jina lake, nahitaji kuliandika kwenye maelezo.

Mwanao,
Kyizom


Chagtsa
Tarehe 2, mwezi wa tisa

Kyizom, binti wa kaka yangu,

Barua yako nimeiona. Jina langu liko juu, na chini yake umeacha nafasi ya vidole viwili ndipo ukaanza kusema. Vidole viwili! Hata anayemwandikia muuza mbuzi huacha vitatu. Kwa baba mdogo mtu huacha kiganja kizima, ndipo heshima ipate pa kukaa. Marehemu baba yako alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote hapa, na ndiye aliyekufundisha, basi nitasema ni mji umekuharibu.

Sisi hatujambo. Goti langu linatabiri theluji vizuri kuliko redio. Mama mdogo wako anakusalimu, anauliza unaolewa lini, mimi sijauliza. Shayiri tumevuna. Mawe yalianguka ng'ambo ya mto yakapiga mashamba ya wenzetu mpaka udongo ukatoboka, upande wetu hata punje moja haikudondoka. Watu wameniletea fungu langu mlangoni. Hata Mama Dolkar, unaukumbuka ulimi wake, amekuja na kikapu akasema, "Mwaka huu umesoma vizuri, Ngakpa, mzuia mawe wetu, hukukohoa katikati."

Kuhusu viduara vyako. Mwaka mmoja theluji iliyeyuka ikapenya ukutani, wino ukafifia, ukapitiwa upya. Vitabu navyo huugua vikatibiwa. Andika alama ya hazina kama inavyoonekana kwa macho ya kawaida, siyo macho ya mashine. Mtu aliyepewa kazi ya kunakili hanakili maswali.

Njia ya mlimani inakaribia kufungwa. Vaa soksi.

Baba yako mdogo,
Urgyen Rabsal


Boudha
Tarehe 29, mwezi wa tisa

Kwa baba yangu mdogo,




Shikamoo. Nimeacha kiganja kizima, na changu ni kidogo, kwa hiyo nimeongeza. Mwambie mama mdogo sijaolewa wala sijaombwa. Soksi ninazo.

Wino ukififia hupitiwa wote, herufi na vistari. Hapa herufi hazikuguswa. Vistari havikuguswa. Vilivyoongezwa ni viduara peke yake, kimoja juu, kimoja chini, zaidi ya mara elfu tatu. Yaani kitabu kiliandikwa kwanza kwa vistari vitupu, kama barua, kama orodha ya mbuzi, kama kitabu chochote kilichotungwa na mtu. Baadaye ndipo kikageuzwa hazina.

Si mimi tu niliyeona. Bwana Jampa aliinama juu ya bega langu, akaikuza picha. Kisha akasema, "Loo! Mtu alikaa na kalamu majira mazima ya baridi." Akaniuliza, "Nani kwenu alikuwa na subira hiyo?" Nikasema sijui.

Kwenye karatasi kistari na viduara vyake vinaishi pamoja, na kila mtu anaona anachotaka kuona. Kompyuta haina huruma hiyo. Haina namba ya kistari kilichoongezewa viduara baadaye. Ina kistari, au ina alama ya hazina. Lazima nibonyeze moja, mara elfu tatu, na kwenye maelezo juu ya faili lazima iandikwe nani alibadilisha. Bwana Jampa anasema tukiacha jina wazi, kila msomi atakuja na mshukiwa wake.

Baba mdogo, nilikuwa na miaka tisa siku baba aliposimama kwenye uwanja wa kupuria akawaambia watu kwamba kitabu hiki hakikutoka mwambani, kwamba babu alikitunga mwenyewe kando ya jiko. Nakumbuka kelele. Mtu mmoja akapiga ukelele, "Na viduara je, viliota kama uyoga?" Baba akajibu, "Muulizeni anayekikalia kiti." Kiti cha mzuia mawe ulikuwa umekikalia wewe. Hukufungua mdomo. Wakamrushia vumbi, tukashuka mlima na mabegi mawili, na sasa ni miaka kumi na minane. Alibeba mizigo ya watu mpaka mgongo ukakataa. Alipokufa, ndani ya chumba hiki ninachoandikia, nilituma neno umsomee sala za wafu siku arobaini na tisa, kama anavyosomewa kila mtoto wa nyumba yetu. Hakuna aliyenijibu.

La kuvunda halina ubani. Baba alisema kweli, na wewe ulibaki na kiti, na shayiri, na vikapu vya Mama Dolkar. Mtu aliyefaidika na viduara ni mmoja. Nakuuliza tena, nani aliviweka?

Kyizom


Chagtsa
Tarehe 20, mwezi wa kumi

Kyizom,

Leo hakuna habari za nyumbani. Mtu wa mwisho kuvuka yuko mlangoni, nyumbu wake wanapiga miguu na yeye ananihesabia pumzi.

Andika alama ya hazina. Sikuamuru, nakuomba, mtu mzima anamwomba mtoto. Watu wa hapa wana shamba moja kila nyumba na kiangazi kimoja. Mawe yakianguka mwezi wa sita hakuna serikali itakayowaletea unga. Ninaposoma kitabu hiki wanalala usingizi. Labda hicho ndicho kitabu kinachofanya na hakuna zaidi, lakini jaribu wewe kuwalalisha watu sitini kwa miaka ishirini na miwili.

Jina la aliyeweka viduara usilitafute. Ukilitafuta utalipata, na hutakuwa na mahali pa kulirudisha. Waache waliolala walale.

Anaita. Basi.

Urgyen Rabsal


Boudha
Tarehe 25, mwezi wa kumi na moja

Kwa baba yangu mdogo,

Shikamoo. Najua njia imefungwa. Barua hii itapanda na wachuuzi mpaka chini ya mlima, ingoje huko theluji ilainike. Mimi si mgonjwa. Maji ya bomba yanaganda asubuhi. Jirani yangu amejifungua mapacha, na sasa ukuta mzima unalia.

Imeamuliwa. Bwana Jampa aliwaita wasomi wawili, wakakaa na picha zile siku nzima, wakanywa chai yangu yote, wakasema kitabu kiandikwe kwa vistari vitupu. Sikuamua peke yangu, lakini wala sikubisha. Mmoja alisema, "Dada, usihuzunike, kutunga kitabu si dhambi." Nikamwambia, "Kwetu huko si kutunga kunakofukuzisha mtu, ni kusema." Hakunielewa, akaomba sukari.

Nimeshaanza. Kila ninapobonyeza kistari kitupu namsikia baba pale uwanjani. Nikimaliza, mtu yeyote atakayekifungua kitabu hiki ataona kwamba alisema kweli. Hicho ndicho ninachokitaka, sijawahi kutaka kitu kingine tangu nikiwa na miaka tisa.

Limebaki jina. Nimeandika hivi: "Viduara viliongezwa baadaye na Urgyen Rabsal, mwana mdogo wa mtungaji." Kama ni uongo, niandikie kwa mkono wako: si mimi, ni fulani. Nitalifuta lako, nitaliweka la huyo fulani. Nitakungoja mpaka mwezi wa tatu wa mwaka mpya. Ukinyamaza, basi na safari hii ukimya wako nitauhesabu kuwa jibu.

Kyizom


Chagtsa
Tarehe 8, mwezi wa pili, Mwaka wa Panya wa Udongo

Kyizom,

Barua yako ililala chini ya mlima siku thelathini na tano ndani ya mfuko wa chumvi, ikanifikia imekauka kama nyama ya msimu uliopita. Yaki wetu jike mwekundu amezaa. Mama mdogo wako anakusalimu, ila hajaacha kulia tangu juzi, kwa hiyo salamu zake zipokee zikiwa mbichi. Goti liko pale pale.

Ni mimi. Niliviweka majira ya baridi baada ya babu yako kufa, kwa mkono huu wa kulia ninaokuandikia, kwa sababu nilikitaka kiti. Hakuna fulani mwingine. Liache jina langu lilivyo, umeliandika bila kosa.

Sikutaka watu wa hapa walisikie jambo hili kutoka kwa mpita njia, kwa hiyo nimewaambia mwenyewe. Siku ya kufungua udongo wote walikuwa uwanjani, wameshawavika mafahali nira. Nikasema kama nilivyokuandikia hapo juu. Kwanza walicheka, wakadhani nimeianza pombe ya shayiri mapema. Mama Dolkar hakucheka. Akasema, "Hebu rudia." Nikarudia.

"Yaani miaka yote hii unakula shayiri yangu kwa kunisomea hadithi?"

"Ndiyo, mama."

"Ningejua ningekupa pumba!"

Mzee wa nyumba ya juu akauliza, "Sasa hayo mawe yalikuwa yanakwepa nini?" Nikasema bahati. Akasema, "Bahati haikai ishirini na miwili." Wakataka kugombana wao kwa wao, wengine wakisema kitabu kinafanya kazi hata kama ni cha babu, wengine wakisema mwizi ni mwizi. Ndipo mke wa mhunzi akasema kwa sauti ndogo, "Na kaka yake tuliyemrushia vumbi?" Nikasema, "Kaka yangu aliwaambia kweli." Wengine wakaangalia miguu yao. Ulilotaka umelipata, nililiona kwa macho.

Wameshatuma mtu bonde la pili kumwita mtawa awalindie mashamba mwaka huu. Kiti wamekifunika kitambaa. Na nywele zangu, ambazo hazijaguswa na wembe tangu nilipopewa kazi hii nikiwa kijana, nilizikata mwenyewe kabla hawajafika mlangoni kunidai. Mtu asiyezuia mawe hana sababu ya kuzifuga. Kichwa kimekuwa chepesi hata sijui kukilaza juu ya mto. Mama mdogo wako amezifunga nywele zile kwenye kitambaa cha hariri na anazihamisha kutoka kona hii kwenda ile kutwa nzima.

Kuhusu siku arobaini na tisa za kaka. Nilisoma. Kijiji kilikuwa kimenikataza, kwa hiyo nilifunga mlango nikasoma kwa sauti ya chini, kila siku mpaka zikaisha. Sikukujibu kwa sababu aliyeleta neno lako angeisambaza barua yangu kabla haijavuka mto. Usinishukuru, alikuwa kaka yangu kabla hajawa baba yako.

Jambo hili tusiliandikiane tena.

Urgyen Rabsal


Boudha
Tarehe 21, mwezi wa nne

Kwa baba yangu mdogo,




Shikamoo. Umenikataza, naandika. Siulizi goti wala ndama, maana nikianza habari za nyumbani nitazificha nyuma yake zile nyingine, kama nilivyofanya tangu barua ya kwanza.

Umesema uliviweka kwa mkono wa kulia. Viduara vile vimechorwa kwa mkono wa kushoto. Vinaanzia chini, vinazunguka kinyume, vinafungwa kwa kijimkia upande ambao kalamu yako haiwezi kukiacha hata ungejaribu. Chagtsa nzima alikuwako mtu mmoja tu wa mkono wa kushoto. Wakati babu angali hai watu walikuwa wakimtania kwamba anaandika kama anayefukuza nzi. Ndiye aliyenishika vidole nikiwa na miaka minne akaniongoza juu ya ubao wenye vumbi la chaki. Kijitabu chake cha sala kiko chini ya mto wangu, na kila kiduara humo kina mkia ule ule.

Nilijua pale pale kwenye jani la tatu. Kabla sijashika kalamu kukuandikia barua ya kwanza nilikuwa nimeshajua.

Wiki yake ya mwisho alikuwa akirudia neno moja, "Nilimtii baba yangu mara moja nikaharibikiwa." Sikumuuliza alitii nini, nilidhani ni homa. Sasa naona. Babu alitaka hazina, na mwenye mkono mzuri alikuwa mwanawe mkubwa. Kisha babu akafa, kazi ya kuzuia mawe ukapewa wewe, na baba akabaki na siri iliyomla miaka minne mpaka akaimwaga uwanjani, nusu. Nusu yake alikubandika wewe. Alijua kwamba unajua. Wewe nawe ulijua kwamba hata neno moja, "Viliwekwa na yeye," lingemmaliza pale pale mbele ya mtoto wake. Ukanyamaza, nami nikakuchukia kwa ukimya huo miaka kumi na minane.

Nilipokuuliza nani, sikuwa nauliza. Nilitaka baba awe ndiye aliyesema kweli, na nilitaka asiwe ndiye aliyefanya. Alihitajika mtu mwingine wa kulibeba kosa, na wewe ulikuwa karibu, na nilishazoea kukulaumu. Nilikuandikia nitajie fulani huku nikijua hutamtaja. Nilikupima nikakukuta vile vile nilivyotarajia, nikakutumia. Hata nywele zako, baba mdogo. Nimekaa na barua yako mapajani siku mbili na hapo kwenye nywele sipapiti.

Faili limetoka siku ya mwezi mpevu. Vistari vitupu, jina lako juu. Wiki iliyopita Bwana Jampa alipita mezani kwangu na kikombe chake, akasema, "Kyizom, maelezo ya kitabu cha kwenu bado yanarekebishika, mwisho Ijumaa, baada ya hapo nakala zinasambazwa. Kuna la kubadilisha?"

Jina la baba lilinijia mpaka ulimini. Nikasema, "Hakuna."

"Una hakika?"

"Nina hakika, Bwana Jampa."

Ijumaa imepita. Nilikwenda kazini nikarudi.

Nina ombi moja, na najua sina haki ya kuomba kitu nyumbani kwako. Umeyasoma haya peke yako. Mama mdogo asiyaone, wala mtu mwingine yeyote wa hapo. Barua hii ichome.

Mwanao,
Kyizom